Shukrani kwa Ndugu Tusiyemfahamu kwa Jina

Tunapofunga hesabu za mwaka na kuelekea Krismasi, sisi wafanyakazi wa kampuni ndogo ya programu za kompyuta iliyopo Ngamiani, Tanga, tunapenda kumshukuru hadharani mtu ambaye hatujui jina lake wala anakoishi.

Mfumo wetu huandikisha lita za maziwa ambazo wafugaji hupeleka kila asubuhi na kuwapigia hesabu ya malipo ya mwisho wa mwezi. Wenye majina kama Ng'wandu walikuwa wakitoweka kwenye orodha bila onyo lolote, kwa sababu katika SQL, lugha ya hifadhidata iliyobuniwa Marekani miaka ya 1970, ile alama ndogo ya ritifaa (') ndiyo inayofunga maandishi, na herufi zinazoifuata husomwa kama sehemu ya amri. Hitilafu ilikuwa ndani ya sehemu ya programu huria, yaani iliyo wazi kwa yeyote kuisoma na kuirekebisha, ambayo hatukuiandika sisi.

Wewe, ndugu yetu, uliichambua, ukairekebisha, ukatutumia pamoja na majaribio ya kuthibitisha kwamba inafanya kazi, kisha ukatia saini ya herufi moja tu. Tulidhani ankara ingefuata, haikufuata. Wafugaji wa Muheza na Pongwe waliokuwa wamerukwa wamelipwa kabla ya sikukuu, na wengi wao hawajui kwamba kuna mtu alikesha kwa ajili yao.

Ukipita Tanga, karibu ofisini, pilau ya Krismasi ipo. Marekebisho yako tumeyaacha kama ulivyoyaandika, pamoja na ile herufi yako.