Malalamiko: droni mliyoniuzia inatii amri ya mtu yeyote

Kwa meneja huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Dukani kwenu nimejibiwa eti droni ni nzima na app ina paswedi. Sasa mimi sijalalamikia app, paswedi inamzuia aliyeshika simu yangu, mwenye redio yake ya kutuma amri hewani haimzuii hata kidogo.

Ilikuwa hivi: tuko bonde la Msimbazi, upande wa Jangwani, tunapiga picha za ramani ya mafuriko, kumbe ng'ambo kuna timu nyingine nao wamenunua seti kwenu, ghafla laptopu yangu ikaanza kuonyesha betri na mwinuko wa droni yao, halafu wao wakabonyeza amri ya kurudi nyumbani na ya kwangu ndiyo ikakatisha kazi ikageuka! Hawakuwa na nia mbaya, walikuja wenyewe kuuliza. Fundi wangu kufungua setingi, redio za pande zote zina NetID (namba ya mtandao wa redio) 25 ile ile ya kiwandani.

Tumeshaibadilisha lakini haitoshi, ile namba inatenganisha redio tu, siyo siri, mwenye kuitafuta anaipata. Kinachoniuma ni kwamba dawa ipo tena bure. MAVLink 2, ile lugha ya mawasiliano kati ya droni na laptopu, ina saini: droni na laptopu vinashea ufunguo wa siri wa baiti 32, kila ujumbe unabeba saini ya SHA-256 (hesabu inayotoa alama ngumu kughushi) pamoja na muda wake, amri ya mgeni inatupwa, na hata mtu akirekodi amri yangu ya jana akairusha leo inakataliwa maana muda wake umeshapita. Nyie hamkuiwasha, na kwenye mafunzo hamkuitaja kabisa. (Saini haifichi ujumbe, mtu bado ataona droni iko wapi, hilo linataka redio zenye AES (njia ya kuficha ujumbe kwa ufunguo), ila tuanze na amri kwanza.)

Nataka droni yangu iwekewe ufunguo wake, kwa waya wa USB siyo hewani, na nikabidhiwe mimi. Msije mkaweka ufunguo mmoja kwa wateja wote, hapo mtakuwa hamjafanya kitu. Na wateja wengine wapigieni simu, wapo wanaorusha karibu na watu, kitu kikianguka kichwani mwa mtoto mtasema nini? Mkishindwa nirudishieni hela yangu, na barua hii naipeleka TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania).

Nasubiri majibu kwa maandishi, siyo kwa simu.

Mteja wenu, Ilala