Mwanangu, hayo maji ya waridi usiwaambie watu watie machoni

Marahaba mwanangu, ingawa shikamoo yenyewe sijaipata tangu juma lililopita. Nimeona status yako, hizo chupa umezipanga na lebo zake na riboni, nikamwonyesha mpaka mama yako mdogo, tukafurahi. Ila pale ulipoandika yanafaa kwa ngozi, chakula na kusafishia macho nikasema haa, huyu mtoto yuko serious kweli?

Macho yaache. Dawa ya macho inatengenezwa isiwe na kijidudu hata kimoja, wewe unamimina jikoni kutoka kwenye dumu. Mtu jicho likimvimba atakutafuta wewe, hatamtafuta huyo wa Kariakoo aliyekuuzia.

Na hilo dumu limeandikwaje? Maji ya waridi ya kweli ni maua yanachemshwa na maji, ule mvuke ukipozwa unadondoka, ndo hayo, hayana rangi. Ndo wanayotoa Taif ya Saudia, Iran, na Oman kule Jabal Akhdar, na Kaaba inaoshwa kwa zamzam iliyotiwa hayo hayo. Sasa ya kwako mbona ya pinki? Hiyo ni rangi mwanangu, na harufu nayo pengine ya kutengeneza. Kama hayajaandikwa ya kula usimuuzie mtu atie kwenye biriani, muuzie wa kunyunyizia watu maulidini na harusini, au wa kuoshea maiti pamoja na karafuu maiti, wateja hao hawaishi. Ya kula tafuta yake, na uwaambie wayatie kwenye shira ya kaimati ikishaepuliwa, kijiko cha chai kinatosha, wakichemsha harufu yote inaondoka na mvuke halafu watasema umewauzia maji ya bomba.

Biashara unaiweza, hilo silikatai, kuliko kaka yako anayeshinda kijiweni hapa Mikindani. Lakini macho, macho, nimeshasema.

Mrashi wa bibi yako wa kunyunyizia maji ya waridi nimeuona kwenye picha, kumbe ndo wewe uliyeuchukua? Urudishe kabla ya maulidi. Baba yako anaulizia hela ya salfa, mikorosho imeanza kutoa maua na jirani ameshapuliza. Bati la jikoni bado linavuja.

Futa kwanza hilo neno la macho ndo unipigie, na iwe usiku, mchana huku mtandao hausomi.