Anayetwambia tunyamaze hajaipata arosto

Mhariri, asalaam aleikum. Wiki ilopita bwana mmoja kaandika humu kwamba sie tuloacha unga tuache kujianika, Mungu keshatusitiri basi na sisi tujisitiri, kukaa kusimulia ulivyokuwa ukiiba ni kutangaza uovu. Namuelewa, hata marehemu mamangu angenambia hivyo hivyo. Ila mie nna miaka sita klini, yaani sijagusa unga, na naona kachanganya vitu viwili.

Sisi hatusimami Darajani tukatangaza. Tunakaa chumbani kwenye mitingi yetu, mkekani, mateja watupu, na linosemwa mule halitoki.

Hiyo ya kunyamaza nshaijaribu. Mara ya kwanza nilipotoka soba hausi, nyumba ya kuachia dawa, nyumbani wakasema yalopita yamepita, usiyataje, na majirani washaambiwa nilikuwa Dubai. Basi watu wananiuliza Dubai vipi, nasema joto. Miezi mitatu nikaishi na hiyo Dubai yangu, usiku naota navuta, asubuhi sina wa kumwambia maana mtu alokuwa Dubai ataotaje unga? Nikarudi kwenye kete kimya kimya vile vile.

Na jambo hili la kusimuliana hatukulibuni sie. Mwaka 1935, mji wa Akron, Marekani, mlevi mmoja Bill Wilson alikuwa ana miezi kama mitano hajanywa, biashara ilompeleka kule imeharibika, yuko hotelini anasikia watu wanavyocheka baa, akakimbilia simu kutafuta mlevi mwenzie. Wakampeleka kwa daktari Bob Smith, nae mlevi, wakazungumza masaa. Hakwenda kumuokoa daktari jamani, alikwenda kujiokoa mwenyewe asinywe! Ndo ikazaliwa AA, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, na 1953 kule California wenzetu wa dawa wakaanzisha yao, NA. Sisemi mazungumzo peke yake yanatosha kila mtu, anaehitaji methadoni, dawa ya hospitali ya kutuliza hamu ya unga, aende hospitali ya Kidongo Chekundu na asione haya.

Sasa nimpe huyo bwana kisa kimoja, mwenyewe kaniruhusu. Kaletwa kijana kutoka Pemba, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imemkamata, joto la kaskazi lakini kajifunika blanketi, makamasi yanamtoka, hataki chai wala kuangaliwa. Kaka zake washamsomea kila nasaha, kanyamaza tu. Zamu yangu ya kushea, yaani kusimulia yangu, ikafika nikasema nilivyoiba sufuria kubwa la pilau, la kuazima, la harusi ya jirani, nikaliuza na ukoko wake ndani. Blanketi likatikisika. Akatoa kichwa akasema, "Mie niliuza mlango wa choo wa bibi. Mpaka leo anatundika kanga." Tukacheka mpaka tukatoka machozi, halafu yeye akaendelea kulia, na ndo siku ya kwanza alokula.

Ustadh gani angeupata ule mlango? Na mie siku ile nilitoka nyumbani nina hamu mbaya, nilipita njia ya nyuma kusudi nisikutane na watu fulani, nikarudi nikalala usingizi.

Ombi langu kwa wazee ni dogo. Kijana wenu akisema anakwenda mitingi msimuulize "bado tu unakwenda, si ushapona?" Muacheni aende, na wageni wakija msimpeleke Dubai.

Jina langu lihifadhi mhariri, na si kwa haya, ndo desturi yetu.

Msomaji wako,
Jang'ombe, Unguja