Mti unanyauka na udongo umelowa, halafu mnasema tumwagilie?

Mhariri,

Safu yenu ya kilimo huwa naisoma yote, ila hii ya majuzi imenikera. Mmeandika parachichi likinyauka basi lina kiu, liongezewe maji. Jamani! Mimi ushauri huohuo ndo nilioufuata nikaua mti wangu mwenyewe.

Ulianza kutoa majani madogo madogo, yakawa njano, vijitawi vya juu vikakauka vikabaki kama kuni, na mimi kila jioni nipo na ndoo. Siku nimechimba pembeni ya shina nakuta tope, halafu vile vimizizi vyembamba vya kunyonya, ambavyo kwa mti mzima vinakuwa vyeupe vyeupe, ni vyeusi tii, ukivishika vinakatika.

Mdudu mwenyewe, kijidudu cha ugonjwa kisichoonekana kwa macho, anaitwa fitofthora, na wala siyo fangasi kama mlivyoandika, maana ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini. Anatoa vijimbegu vyenye mikia miwili ambavyo vinaogelea kabisa kwenye maji yaliyotuama udongoni, vinafuata harufu ya mzizi mpaka vinaufikia, vinaingia. Sasa piga picha mimi na ndoo yangu, yani nilikuwa namchimbia barabara. Mzizi ukishaoza hata umwage pipa zima mti haunywi, ndo maana unanyauka huku umesimama majini.

Na hili la "piga dawa ya fangasi" nalo mliangalie. Dawa nyingi za fangasi zinafanya kazi kwa kuzuia fangasi asitengeneze mafuta fulani ya kwenye ngozi ya seli, huyu hata hayatengenezi, kwa hiyo unapiga hewa. Za fosfonati zinasaidia ukiwahi, ila zinamtuliza tu, kwenye udongo haondoki, ana vijimbegu vingine vyenye ganda nene vinakaa miaka vinasubiri mvua.

Kilichobaki ni kumnyima maji yaliyotuama: panda juu ya tuta, fungua mifereji, weka matandazo ya kutosha, na mche uwe umebebeshwa kwenye shina linalostahimili, aina ya Dusa kwa mfano. Halafu usafi wa buti na majembe, hapa watu wanacheka ila huko Australia Magharibi, ambako ameharibu vibaya misitu ya mijara (miti mikubwa ya huko), kwenye njia za msituni wameweka brashi watu wasugue viatu kabla hawajaingia. Mche wa kitalu ndo usiseme, unaweza kununua ugonjwa na kifuko chake, mimi nadhani wangu ulikuja hivyo.

Ombi langu toleo lijalo msahihishe, hata mistari miwili inatosha: mti ukinyauka, kabla ya ndoo chukua jembe, chimba kama kiganja hivi, shika udongo, angalia vimizizi rangi gani.

Msomaji wenu wa siku nyingi