Malalamiko kuhusu tangi la vipande vya matumbawe na dawa ya mrututu mliyotuletea

Jambiani, Unguja
10 Februari 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Mauzo na Ufundi.

Assalaam aleikum Ndugu Meneja,

YAH: TANGI LA LITA 250 MLILOTUFUNGIA

Naandika kwa niaba ya nyumba yetu ya wageni hapa Jambiani. Mwaka jana mlitufungia tangi la kukuzia vipande vya matumbawe, mkaliunganisha kwa mabomba na akwaria yetu kubwa ya mapokezi, ambayo ni ya miaka mingi na haijatusumbua. Tangi hilo sasa limevaa miani ya nyuzi kuanzia kwenye chanja vinapokaa vipande hadi kwenye vioo, na kila tukimpigia simu fundi wenu anakuja na kitu kingine cha kutuuzia. Cha mwisho ndicho kilichonifanya niandike.

Alimwachia kijana wetu anayehudumia akwaria chupa ya dawa, akamwambia amimine vifuniko viwili kila asubuhi, "kwenye dogo tu, kubwa usiliguse." Kijana akasoma lebo kabla ya kufungua. Ni dawa ya mabwawa ya mapambo, na kiini chake ni mrututu, yaani chumvi ya shaba. Shaba ni sumu kwa matumbawe, konokono, kamba na kaa, hata kwa kiwango ambacho samaki anakistahamili. Tena ikishaingia hunasa kwenye mchanga na mawe ya chokaa, halafu ikawa inatoka kidogo kidogo kwa muda mrefu. Na hilo "dogo tu" lina maana gani? Tangi dogo linamwagia maji yake kwenye tangi la chini lile lile linalopokea maji ya akwaria kubwa, na pampu inayarudisha kote kuwili. Dawa ikimiminwa huku asubuhi, mchana imeshafika kule. Mabomba hayo aliyafunga yeye mwenyewe.

Kijana alikataa kuitia, na fundi wenu akamwita mshamba mbele ya wageni. Hilo nalo nalilalamikia, na silihesabu kuwa dogo kuliko mengine.

Sasa kuhusu miani yenyewe. Mlipokuwa mnatuuzia mlisema tangi likiunganishwa na akwaria iliyokomaa nalo linakuwa limekomaa siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri wala kuweka wanyama wa kula miani. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Bakteria walioko kwenye mawe ya akwaria kubwa wanashughulikia amonia (sumu inayotokana na kinyesi cha wanyama) ya matangi yote mawili, na kwa upande huo hatukupata tabu. Lakini bomba linapitisha maji. Halipitishi ile ngozi ya waridi ya miani ya chokaa iliyokwisha kushika mawe yetu na kuwanyima wengine nafasi, wala halipitishi tasi na konokono wanaokwangua kutwa. Tangi jipya ni vioo vitupu, chanja tupu na vigingi vipya vya kubandikia vipande, na hapo nyuzi hazina mpinzani.

Fundi anasema kosa ni letu, eti maji yetu machafu. Tumeyapima virutubisho vinavyolisha miani. Naitreti ni miligramu 8 kwa lita na fosfeti ni 0.06, kwenye akwaria kubwa na kwenye tangi lenu vile vile, na haiwezi kuwa vingine kwa sababu ni maji mamoja. Kama maji ndiyo yenye kosa, mbona kubwa ni safi? Alitushauri pia tuishushe fosfeti hadi sifuri. Matumbawe nayo yanaihitaji kidogo, na tangi lililokaushwa virutubisho kabisa hukaribisha dinoflagelati, ute wa kahawia wenye mapovu ambao ni balaa kuliko hizi nyuzi. Ushauri huo hatukuufuata.

Tofauti iko kwenye vitu viwili mlivyoleta ninyi. Cha kwanza ni taa. Tuliagiza taa inayopunguzika, ya kutoa mwanga wa mikromoli 120 hadi 150 pale kwenye chanja, maana vipande vyetu vingi ni vya matumbawe laini. Mlileta taa isiyo na kidhibiti. Tuliazima kipimo, na chanja ilisoma zaidi ya 400, nyingi yake ikiwa nyeupe kali. Tangi lenyewe ni la kina kifupi, chanja iko sentimita 12 tu chini ya maji. Kipande kilichokatwa juzi hakiwezi kuutumia mwanga huo, ila miani inautumia wote.

Cha pili ni mwendo wa maji. Pampu mliyofunga ni ya lita 1,000 kwa saa, yaani maji ya tangi yanazunguka mara nne tu kwa saa, na hamkuweka pampu ya kusukuma maji ndani. Nyuma ya chanja maji yamelala, uchafu unatua hapo hapo. Kina mama wanaolima mwani hapa kwetu hawajawahi kufuga tumbawe, lakini wanajua kwamba msimu wa joto, pale maji yasipotembea vizuri, kamba wanazofungia mwani huvaa nyuzi, nao hushuka kuzitikisa. Fundi wa kampuni ya akwaria alipaswa kulijua.

Ingefaa mje mkitazame kipande kimoja tu. Kidole cha tumbawe gumu kinapokatwa, pale kwenye jeraha kiunzi cheupe hubaki wazi, na nyama huhitaji muda kushuka na kukifunika. Nyuzi zimewahi kwanza. Zimeota duara kwenye ukingo huo, zinapepea juu ya nyama, na polipu (vijinyama vidogo vinavyounda tumbawe) zilizo karibu nazo zimejikunyata hazifunguki tena. Vipande hivyo tumevikata kwenye matumbawe yetu wenyewe ili tusiombe hata kimoja kutoka baharini, na ndiyo sababu ya kutaka tangi hilo.

Hatukukaa tukasubiri. Saa za taa tumezipunguza kutoka 12 hadi 8, taa tumeining'iniza juu kwa kamba (haipendezi, wageni wanauliza), konokono wamehamishwa kutoka akwaria kubwa. Vigingi vinatolewa na kusuguliwa kwa mswaki ndani ya ndoo yenye maji ya tangi, kisha maji hayo yanamwagwa nje, maana kusugua ndani ni kuzitawanya nyuzi. Pamepata nafuu mbele, nyuma bado. Kabla ya ile chupa fundi alitaka kutuuzia taa ya mionzi ya kusafishia maji. Taa hiyo inaua kinachopita ndani ya bomba. Nyuzi zilizokwisha shika kigingi haina habari nazo.

Limebaki jambo la vali. Kwenye ankara yenu kuna vali mbili za kulitenga tangi dogo na mfumo. Tumezilipia. Kwenye mabomba hazipo. Zingekuwepo tungeweza kulifunga tangi, kulisafisha na kutibu kinachotibika bila kuiweka akwaria kubwa hatarini.

Kwa hiyo, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, tunataka mfunge vali hizo bila malipo, mtubadilishie taa kwa ile tuliyoagiza, na mlete pampu ya kusukuma maji inayolingana na tangi la lita 250. Bei ya dawa mturudishie. Na fundi aje amwombe radhi kijana wetu, hapo hapo mapokezi alipomtukana. Kazi ya mabomba tunaomba aifanye fundi mwingine.

Siku hizo zikipita kimya, malalamiko haya pamoja na nakala ya ankara na picha tutayapeleka kwa wanaosimamia haki za mlaji hapa Zanzibar.

Chupa ya dawa haijafunguliwa, tumeiweka ofisini. Mje kuichukua saa za kazi, na mje na risiti yake, kwa sababu fundi hakutupa.

Wako,

Msimamizi wa nyumba ya wageni,
Jambiani.