Picha za paka na mbwa: mhariri, chuja zaidi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu picha za paka na mbwa ambazo wasomaji hutuma pamoja na visa vyao. Nyingi humpendeza mwenye mnyama peke yake kwa kuwa anamjua. Sisi wengine tunaona macho mawili ya kijani yanayowaka gizani na kivuli chenye masikio. Hilo hurekebishwa kwa dakika tano. Zito zaidi ni picha inayochekesha ilhali mnyama aliyemo ameshikwa na hofu, au amelazwa karibu na kitu cha kumuua.

Kwanza flashi. Nyuma ya retina (sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga) ya paka na mbwa kuna utando unaoakisi mwanga, na ndio unaowasaidia kuona penye mwanga hafifu. Flashi ikipiga, mwanga hurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Programu za kufuta jicho jekundu hazisaidii sana hapo, maana zilibuniwa kwa macho ya watu. Izime. Msubiri mnyama akae karibu na dirisha, nawe usimame ubavuni mwake, dirisha lisiwe nyuma yake. Nje, kivuli cha mti au ukuta kinafaa kuliko jua la saa sita.

Rangi ya manyoya nayo huidanganya kamera, kwa sababu hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Paka mweusi akijaza picha, kamera huongeza mwanga, naye hutoka kijivu kama aliyemwagiwa majivu. Paka huyo huyo akiwa mbele ya ukuta mweupe hugeuka doa lisilo na uso. Mbwa mweupe anayejaza picha naye hutoka kijivu, safari hii kwa kupunguziwa mwanga. Kwenye simu, gusa jicho la mnyama, kisha telezesha kidole: mweusi punguza mwanga kidogo, mweupe ongeza.

Pua kubwa kama ya ngamia hutokana na kumsogelea mno. Rudi nyuma mita moja na nusu au mbili, utumie lenzi ya kuvuta mara mbili kama simu inayo, na ushuke hadi macho yako yalingane na yake. Aliyetulia anatosheka na kasi ya 1/125 ya sekunde, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga. Anayekimbia anahitaji 1/1000 au zaidi, na picha za mfululizo, ishirini kwa mkupuo, ili ubakishe moja. Lenga jicho lililo karibu nawe. Mbwa mwenye mdomo mrefu mara nyingi hutoka na pua kali na macho yenye ukungu, na hapo hakuna la kuokoa.

Sasa mnyama mwenyewe. Kuna picha zinazopendwa mno za mbwa "aliyekiri kosa": kichwa chini, masikio nyuma, mto uliochanwa mbele yake. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alichapisha jaribio lililoonyesha kwamba sura hiyo hufuata karipio la mwenye mbwa, wala haihusiani na kama mbwa amekosa kweli. Hata asiye na kosa huionyesha akifokewa. Kwa hiyo picha hiyo ni ya mbwa aliyetoka kutishwa, na mwenye kuipiga huenda alimfokea tena ili apate pembe nzuri. Dalili nyingine ni weupe wa jicho kuonekana pembeni, kulamba midomo pasipo chakula na kupiga miayo bila usingizi, hasa mtoto anapomkumbatia mbwa shingoni. Wengi huita hali hiyo upendo. Mara nyingi mbwa anaomba aachiwe. Paka huonyesha kwa masikio yaliyolazwa ubavuni, mboni zilizopanuka mchana kweupe na mkia unaochapa sakafu.

Paka na donge la nyuzi ni picha ya zamani na hatari yake ni ya kweli. Uzi au utepe ukimezwa, ncha moja huweza kunasa chini ya ulimi au tumboni huku utumbo ukiendelea kuvuta, ukajikunja na hata kutoboka. Ukiuona unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Maua ya lili ni mabaya zaidi. Chavua tu aliyoilamba kwenye manyoya yake yaweza kuua figo za paka ndani ya siku chache, na maji ya chombo cha maua vilevile.

Visa vya "nilimtibu mwenyewe" ndivyo vinavyonitia wasiwasi kuliko picha zote. Parasetamoli ni sumu kwa paka: ini lake haliwezi kuivunja kama letu, na damu hushindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini humtia paka mitetemeko na degedege. Msomaji akiandika kwamba mbwa wake alipona kwa kitu fulani, mwenye paka atakijaribu jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo kisa cha ugonjwa kikija bila kutaja ni mnyama gani, uzito wake, dawa, kipimo na kama daktari ndiye aliyeiandika, nakuomba usikichapishe hata kiwe kitamu namna gani.

Jambo la mwisho ni picha za waliopotea. Ifaayo humwonyesha mnyama mzima kwa ubavu, pande zote mbili, na uso ukitazama mbele. Ile aliyojikunja kwenye kochi haimsaidii mpita njia. Simu hubandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili, kwa hiyo mahali pafutwe kabla ya kutuma, na namba iliyo kwenye kola ifunikwe. Alama moja isitajwe kabisa, tuseme kidole cheupe cha mguu wa nyuma, ili anayepiga simu akidai zawadi aulizwe hiyo kwanza.

Msomaji wenu, mfugaji