Mmemfunga mjane bure: barua kwa kampuni iliyoniuzia kitabu cha nonna mpelelezi

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

KUH: KUDAI PESA ZANGU ZA KITABU CHA SAUTI

Ndugu meneja, salamu. Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi, nalipa kwa M-Pesa kila mwezi na sijawahi kuchelewa, na barua hii naiandika kwa sababu kule kwenye chati ya apu yenu kila nikieleza shida yangu anakuja mtu mwingine na wote wananijibu "asante kwa maoni yako" wanaweka na kikopa chekundu, sasa jamani mimi sikuleta maoni, nimeleta malalamiko, na nataka yasomwe na mtu mwenye uwezo wa kurudisha pesa.

Kitabu chenyewe ni kile cha nonna, yaani bibi, wa Bari, mji wa kusini mwa Italia, bibi wa Kitaliano anayekaa na kiti chake nje ya mlango kule mji wa kale anakata orecchiette, zile pasta ndogo za umbo la sikio, anauzia wapita njia, halafu jirani yake mzee mwoka focaccia, mkate wao wa bapa, anakutwa amekufa jikoni na kikombe cha kahawa mbele yake, askari wanasema moyo, bibi anasema si moyo, na hapo ndo hadithi inaanza. Tangazo lenu lilisema mambo mawili na skrinishoti ninazo. La kwanza, eti kimefanyiwa utafiti wa kina, utaonja Italia halisi. La pili, eti msikilizaji makini atamjua muuaji kabla ya nonna. Hilo la pili ndilo lililonitoa pesa mfukoni, maana mimi hadithi za upelelezi ndo ugonjwa wangu, nasikiliza nikikuna nazi, nikifua, hata nikingoja matatu.

Na niwaambie mnaongea na nani, msije mkaniletea yale ya "pengine hukuelewa mazingira". Mimi ni mtu wa Malindi. Waitaliano hapa tumekaa nao tangu enzi za kituo cha satelaiti cha San Marco kule Ngomeni, ndo palirushwa ile satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, na mpaka leo kuna vijana wa bichi hapa Kitaliano chao kimenyooka kuliko Kiingereza. Mimi nimefanya kazi ya jikoni miaka mingi kwa signora mmoja mzee, mtu wa Bari haswa, kwanza hapa kwetu akija kukimbia baridi ya kwao, baadaye miguu ilipomlemea akanichukua nikamtunze kule kwao. Kwa hiyo hiyo mitaa mnayonisomea nimepita na kapu la mboga mkononi.

Sasa shida yangu sio kwamba kitabu kina makosa. Vitabu vyote vina makosa. Shida ni kwamba hii ni hadithi ya upelelezi, na kwenye upelelezi mimi sina macho mengine ila yale mwandishi aliyonipa, kila anachotaja nakishika naweka pembeni nasema hiki kitakuja kuwa na maana. Hadithi ya mapenzi ukimpa mtu kapuchino saa tatu usiku baada ya kula, basi, tunaendelea. Lakini hii ya mauaji, mgeni anayejidai mzaliwa wa Bari ameshiba samaki na mvinyo halafu anaagiza kapuchino na hakuna anayegeuka kumtazama, mimi nikaruka kwenye kiti, nikasema huyu si Mtaliano huyu, huyu ametumwa! Kapuchino kule ni ya asubuhi, baada ya chakula ni espresso, hata mtoto anajua. Nikamshika huyo mgeni sura kadhaa. Kumbe masikini hana lolote, kakosea mwandishi.

Haya, orecchiette. Nonna wenu anapasua mayai kwenye unga. Nikasimamisha sauti nikarudisha nyuma nikasikia tena, ni mayai kweli. Orecchiette za Bari ni unga wa semola, ule wa ngano ngumu, na maji ya uvuguvugu basi, mayai ni mambo ya kaskazini huko Bologna na tagliatelle zao. Signora wangu alikuwa anaviringisha donge mpaka liwe kamba nyembamba kama kidole, anakata vipande vidogo, halafu kile kisu butu anakikokota juu ya kipande kwenye ubao, kinajikunja, anakigeuza juu ya kidole gumba, tap, kimekuwa kisikio, na anafanya yote hayo akikutazama wewe usoni na kukuuliza jirani amerudi saa ngapi jana. Hapo ndo ningewasifu, maana wazo la bibi anayejua siri za mtaa mzima kwa sababu amekaa mlangoni na mikono yake haihitaji macho ni wazo zuri sana na ni la kweli. Lakini mnampa mayai, halafu anazipika na cime di rapa, mboga ya majani ya msimu wa baridi, katikati ya mwezi wa nane! Mimi nikawa na nadharia nzima kwamba huyu nonna mwenyewe ni bandia. Nikacheka lakini niliiamini.

Yapo mengine napita haraka. Jalada lina mnara wa Pisa, na kutoka Bari mpaka Pisa ni mbali kuliko Mombasa na Nairobi. Kuna kamisaa wa Carabinieri, ilhali Carabinieri ni jeshi, kituo chao cha mtaa anakishika maresciallo, kamisaa ni wa polisi, kwa hiyo nikamweka na yeye kwenye daftari la washukiwa, askari feki. Halafu kuna yule mpangaji mwanamke, kitambulisho chake kina jina la ukoo wa mumewe, na Italia mwanamke akiolewa karatasi zake zinabaki na jina la kwao, ndo maana kwenye kengele za milango kule unakuta majina mawili kwa nyumba moja. Nikasema kitambulisho cha kughushi hicho. Wapi. Ni cha kawaida eti.

Tuje kwenye kesi yenyewe sasa, na hapa naomba msome polepole.

Marehemu hana mtoto, wazazi wake walishakufa. Ana mke, na ana mpwa, mtoto wa dada yake, anayedaiwa pesa kila kona. Mzee anakufa asubuhi ya tarehe 15 Agosti. Mpwa anaulizwa ulikuwa wapi, anajibu nilikuwa posta napanga foleni kumchukulia mama pensheni yake. Ndugu meneja. Tarehe 15 Agosti ni Ferragosto! Ni sikukuu ya taifa, ni siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Italia nzima imefungwa, watu wako baharini na matikiti maji yao, na mji unaachiwa paka na watalii. Posta gani? Foleni ya nani? Na pensheni kule inalipwa mwanzo wa mwezi, sio katikati. Mimi nilipiga makofi peke yangu jikoni, nikasema mwandishi huyu ni fundi, ametuwekea uongo mkubwa mchana kweupe na hajausemea chochote, anangoja nonna aukamate. Nikangoja na mimi. Nonna akasema, "Basi mwanangu nenda nyumbani upumzike." Akamwachia!

Na sababu ya kuua je. Kitabu kinasema mke ndiye muuaji, amemuua mumewe kwa kuwa mzee alikuwa anaenda kwa notaio, mwanasheria wa hati, kuandika wasia mali yote iende basilika ya San Nicola na mke abaki hana hata kijiko. Haiwezekani. Sheria ya kule, ile Codice civile ya mwaka 1942, mke ana fungu lake ambalo wasia haulifikii, na kama hakuna watoto wala wazazi ni nusu ya mali, na juu ya hiyo nusu ana haki ya kuendelea kukaa kwenye nyumba waliyokuwa wakiishi. Sisi Waislamu tunaelewa haraka jambo hili, wasia una mpaka, kwetu hauvuki theluthi, huwezi kulala ukaamka ukawafuta warithi wako. Mke wa miaka yote hiyo, mtu wa Bari, hajui hilo? Mama zetu hapa wasiojua kusoma wanajua mirathi mpaka senti ya mwisho. Sasa nani angebaki mikono mitupu wasia ule ungeandikwa? Mpwa! Mpwa hana fungu lililolindwa, mzee akiandika anaweza kumkosesha kila kitu, lakini akifa kabla ya kuandika mpwa anapata chake kupitia kwa mama yake. Sababu anayo, alibi yake ni ya uongo, madeni anayo. Mnataka nini tena.

Wakamkamata mjane. Kwa ushahidi gani? Kwa karatasi ya kuchujia kahawa iliyookotwa kwenye taka ikiwa na unga mweupe na alama za vidole vyake. Na kahawa yenyewe kitabu kimesema wazi ilipikwa kwenye moka.

Ndugu meneja kama hapo ofisini hakuna aliyewahi kuiona moka nitawaelezea, maana hiyo nimeiosha kila asubuhi, kwa maji matupu bila sabuni, signora akiona sabuni karibu na moka yake nyumba haikaliki. Ni kile kibirika cha aluminiamu chenye pande nane, kazi ya Bialetti tangu 1933, kina sehemu tatu. Chini unatia maji, yasivuke ile vali ndogo ya pembeni. Juu ya maji unapachika kikombe cha chuma chenye matundu ndo unajaza unga wa kahawa, usiushindilie. Halafu unakaza kile cha juu kitupu, unaweka kwenye moto mdogo, maji yakipata moto presha inayasukuma yapite kwenye kahawa yapande juu, utasikia inakoroma, unazima. Kichujio ni chuma. Cha karatasi hakuna! Hakikai, hakihitajiki, hakiuzwi nayo. Kwa hiyo hiyo karatasi ya kwenye taka ama ilitoka nyumba nyingine ama kuna mtu aliipachika pale makusudi ili mjane aonekane, na mimi wallahi nilijua ndo hivyo, nikasema sura ya mwisho nonna atawaita wote jikoni, ataiweka moka mezani aifungue vipande vitatu aulize kwa upole, "Niambieni, karatasi inakaa wapi hapa?" na mpwa atoke jasho. Hiyo ndo ingekuwa sura! Nimewaandikia bure. Badala yake nonna anampungia karatasi mjane usoni, mjane analia anakiri, kengele za kanisa zinagonga, mwisho. Mtu wa pubblico ministero, yaani mwendesha mashtaka, hata mmoja hajatia mguu, kesi yote imeishia kwenye meza ya pasta.

Kijana wenu wa kastama kea aliniandikia kwamba "hii ni kazi ya kubuni". Najua ni ya kubuni. Mzee mbuni, mpwa mbuni, madeni mbuni. Moka msibuni, na Ferragosto msibuni, kwa sababu ndivyo mlivyonipa nipimie. Kuna padre mmoja Mwingereza, Ronald Knox, mwaka 1929 aliwaandikia waandishi wa hadithi hizi amri kumi, na mojawapo ni kwamba mpelelezi asipate dalili yoyote ambayo msomaji hajaonyeshwa pale pale. Mimi nilionyeshwa dalili zote, nikazifuata zote, zikanipeleka kwa mpwa. Mkitumia kitabu chenu wenyewe mbele ya hakimu yeyote wa Bari, huyo mama anatoka siku hiyo hiyo.

Niwe mwadilifu, kuna mahali mlipatia. Yale matangazo ya vifo yanayobandikwa ukutani na jina la marehemu na msalaba, na nonna anayasoma kila asubuhi kabla ya kununua mkate, hayo yapo kule kweli na yameandikwa vizuri, na pale alipogundua jina la dada limewekwa juu ya jina la mke nilifurahi sana. Aliyeandika sura ile angepewa kitabu kizima. Msomaji wa sauti naye ana sauti nzuri, ila neno orecchiette analitamka kama mtu aliyebanwa na chafya.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie pesa ya kitabu yote, sio pointi za kununulia kitabu kingine, pesa, kwa namba ileile niliyolipia, risiti nimeambatisha. Na yale maneno ya utafiti wa kina myatoe kwenye tangazo, au muwape wenye kitabu wakirekebishe, na wakirekebisha sitaki pesa tena, nitakinunua upya, mimi mwenyewe nitawasaidia mambo ya jikoni bila malipo.

Na mnikomee na hizo notifikesheni za sehemu ya pili. Nimeona mmeandika nonna anakwenda Napoli kumaliza kesi nyingine, na anayemwendesha gari usiku kucha, wao wawili tu, ni yule mpwa. Eti sasa ndo msaidizi wake. Mmemkalisha bibi wa watu na muuaji kwenye gari moja na termosi ya kahawa!

Nangoja jibu lenu, na liandikwe na mtu, sio kikopa.

Mimi,
Mteja wenu, Malindi.